Wivu wa Ugonjwa

Mimba yangu ya kwanza iliharibika Temeke, na ya pili hapo hapo, na kila aliyekuja kunipa pole alikuja na sababu yake. Mara jini, mara kijicho, mara eti sisi watu wa bara matumbo yetu hayajazoea maji ya Pwani. Niliyaamini yote kwa zamu, mpaka nikachoka.

Ambaye hakuleta sababu ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mwenyeji wa pale, mama wa watoto saba. Yeye alileta uji. Mara zote mbili alinishika mgongo mpaka damu ilipokatika, akanifulia na nguo. Nilimwita dada.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Zahanati ikatangaza kwamba daktari mmoja Mzungu anataka damu ya wanawake wa umri wa kuzaa, wenye watoto na wasio nao. Alikuwa anatafuta ugonjwa unaokaa mwilini bila kuuma, ila unaweza kuharibu mimba. Jina lake, toksoplasmosisi, nimekuja kulijua uzeeni. Nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa mwizi wake. Dada alinisindikiza, na kwa kuwa alishapanga foleni pamoja nami, naye akatoa damu.

Damu ikapelekwa Ulaya. Majibu yaliporudi nilikuwa na mimba nyingine, tumbo limeshaanza kuonekana. Nesi akatuita. Wanawake wengi wa mtaa wetu walikuwa nao ugonjwa huo, hata wenye watoto tele. Dada alikuwa nao. Mimi sikuwa nao.

Nilichanganyikiwa kabisa. Mwenye ugonjwa amezaa saba, mimi mwenye damu safi sina hata mmoja? Nikamwuliza nesi kama chupa hazikubadilishana. Akasema hapana: aliyeupata zamani mwili wake umeshauzoea, hatari ni kuupata ukiwa na mimba. Kwa hiyo mimi ndiye wa kujichunga, nile nyama iliyoiva sawasawa, ninawe mikono. Na zile mbili ziliharibiwa na nini? Hilo hakulijua. Nilirudi nyumbani na wivu, wivu wa ugonjwa.

Nesi alisema wazi kwamba mtu hamwambukizi mwenzake kwa kumgusa. Dada alisikia, akaitikia, na tulipofika nyumbani akaacha kuniletea uji. Mkeka wangu hakuukalia tena. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia toka mlangoni kwake, mikono ameificha ndani ya kanga. Nilipomwuliza kisa, akasema kama hauambukizi kwa kugusana, Wazungu wangehangaika nao wa nini. Mimi mwenyewe sikuelewa kitu. Niliumia, nikamnunia.

Uchungu uliponishika, yeye ndiye aliyekwenda kumwita mkunga, kisha akabaki uani. Mtoto akazaliwa, wa kike, akalia. Nikamsikia dada nyuma ya pazia akiuliza kama anapumua vizuri.

“Njoo umshike,” nikamwambia.

“Mshike wewe, mdogo wangu. Mie nnao.”

Hasira zikanipanda. Nikamwambia kama hamshiki, simnyonyeshi. Mkunga akanitazama kama nimerukwa na akili. Dada akaingia, akajifuta mikono kwenye kanga, akajifuta tena, akampokea. Alilia kumshinda mtoto.