Shosho na Kitufe cha Kusimamisha

Mtu akikuuliza unafanya kazi gani, nawe umjibu kwamba unacheza gemu kuanzia asubuhi hadi jioni, atakucheka tu. Mimi nilichekwa na mtaa mzima wa Makutano. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nimemaliza kidato cha nne na sina mbele wala nyuma, ndipo fundi mmoja wa redio wa mtaa huo, mjini Meru, akaniajiri nimjaribie gemu za mkononi kabla hajaziweka kwenye kabati la kioo. Ni zile za plastiki, za betri mbili, ambazo vitofali vinaanguka kutoka juu nawe unavipanga visijae. Zilikuja kwa katoni kutoka Nairobi, na fundi hakuamini kitu chochote kilichotoka Nairobi.

Baba yangu, huko kwetu Manyatta, alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake anafanya kazi ya kompyuta. Sikumsahihisha. Nilimpenda sana yule mzee, na kusema kweli, hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzuri mwenye mdomo wa pilipili. Alikuwa akinigombeza asubuhi, halafu saa nne ananiletea chai na mandazi mawili, moja lake. Ila alikuwa na sharti moja: nikiwa nacheza, nisizungumze na mtu. Mteja akiingia, yeye ndiye atakayemsalimia. Mimi macho kwenye gemu. Jamani, mimi nililelewa kusalimia hata mbuzi wa jirani. Nilinuna, lakini nikatii.

Krismasi ilipokaribia, gemu za katoni ya kwanza zikaanza kurudi. Wateja wote walilalamika vile vile: inasahau. Mtoto anacheza vizuri, amefikisha alama nyingi, mara inafuta zote na kuanza upya. Nikachukua moja nikaicheza saa tatu mfululizo. Haikusahau kitu. Nikachukua ingine, hivyo hivyo. Fundi akaniangalia kwa jicho la pembeni, akasema labda nilikuwa nacheza kujifurahisha wala sifanyi kazi. Nikamjibu vibaya, na mpaka leo sijutii.

Katoni ya pili ilikuwa tayari nyuma ya kaunta, watu wanaiulizia kila siku. Fundi akaigonga kwa kidole. Hakupandisha sauti.

"Hizi naziweka kabatini Jumamosi. Ikirudi hata moja, na wewe utarudi kwenu."

Usiku huo sikulala vizuri. Kufukuzwa ni kufukuzwa, mtu anavumilia. Lakini ningemwambia nini baba, na kanisa lote limeshajua mimi ni wa kompyuta?

Ijumaa, mama yake fundi akashuka kutoka Laare kumtembelea mwanawe. Alinikuta kwenye benchi, macho mekundu, katoni imefunguliwa miguuni. Akaniuliza hicho kidude kimenifanya nini. Nilipomweleza, akanyoosha mkono, akasema nimpe naye ajaribu. Bibi huyo, shosho kama tunavyosema kwetu, alikuwa amefunga vitita vya miraa sokoni tangu ujana wake, na vidole vyake havikujua kukosea. Nusu saa haikuisha akawa amenipita alama. Wivu ulinishika, sitadanganya.

Akaingia jirani wa duka la vitambaa. Shosho akaniuliza kidude kinasimamishwaje, nikamwonyesha kitufe. Akasimamisha, akakilaza mapajani, akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, na za mguu wa mama mkwe. Jirani alipotoka, akabonyeza akaendelea. Akaja mzee wa kanisa, ikawa vile vile, safari hii na habari za majani chai. Akaja wa tatu. Shosho alipomaliza kumsalimia na kurudi kwenye gemu yake, alama zote zilikuwa zimekwenda. Sifuri.

"Mwari wakwa, binti yangu, nimeharibu," akaniambia polepole, akaificha chini ya leso yake.

Nilimkumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Nikachukua gemu ingine kwenye katoni, nikacheza kidogo, nikasimamisha mara moja, mara mbili, mara ya tatu: sifuri. Ya pili, sifuri. Ya kumi, sifuri. Fundi akaja na bisibisi, akafungua moja. Kipande cha raba chini ya kitufe cha kusimamisha kilikuwa kipana mno; ukikibonyezabonyeza kinasogea na kugusa mahali pa kuanzia upya. Kukipunguza ni kazi ya wembe tu. Zote zingepona kabla ya Jumamosi.

Halafu akanigeukia. Miezi minane nacheza vitu hivi, akasema, sikuwahi kusimamisha hata siku moja?

"Nisimamishe kwa nini?" nikamwambia. "Ulinikataza kusalimia watu."

Shosho akamgeukia mwanawe. Akamuuliza kama ni kweli amemkataza mtoto wa wenyewe kusalimia watu. Kisha akarudia swali hilo kwa Kimeru, na kwa Kimeru lilikuwa baya zaidi.

Fundi akaweka bisibisi chini, akajipangusa mikono, akazunguka kaunta na kuketi kwenye benchi kando yangu. Akaniuliza habari za kwetu. Akauliza kama baba hajambo.

Nilitaka kusema hajambo, vile watu husema. Badala yake nikamwambia ukweli. Baba alikuwa anakohoa tangu mwezi wa tisa, na katika kila barua aliuliza kompyuta zinaendeleaje, nami niliogopa kumrudia nimefukuzwa. Fundi alisikiliza yote bila kunikatiza. Akasema Jumatatu niende nikamwone, nikae naye wiki nzima, kazi yangu ipo.

Mteja akaita kutoka mlangoni, anataka betri.

"Ngoja kidogo," fundi akamwambia, bila kuinuka. "Nasalimiana na mtu."