Mashati ya Mume wa Bijou

Teksi ilimshusha Emery mtaani Bellevue asubuhi, kwenye nyumba aliyopanga chumba, na kabla hajafungua sanduku alishatoka uani kumtazama dobi wa wapangaji. Mama huyo alinusa kila nguo kabla ya kuizamisha. Shuka alizianika upande wa barabara, nguo za ndani akazificha nyuma ya shuka hizo. Emery, mpenda lugha, akamwambia kwamba kwa Waingereza kutoa aibu za nyumbani nje ni “kufua nguo chafu hadharani”, na kwamba inasemekana msemo huo waliuazima kwa Wafaransa, wanaotaka nguo hizo zifuliwe ndani, na wenyewe tu. “Hao hawajapanga nyumba ya vyumba tisa na bomba moja,” dobi alicheka, akichukua mashati matatu ya kiume. Hayo hakuyanusa. Yalikuwa bado na mikunjo ya pasi.

“Mama, hayo si masafi?”

“Ya mume wa Bijou, mpangaji wa humu. Alimwacha tangu Pasaka. Nyamaza, kaka.”

Msimamizi wa nyumba, asiyepangisha mwanamke asiye na mume, alikuwa anaingia. “Bwana wa Bijou bado yuko? Mbona simwoni?”

“Eish, papa! Wewe humwoni, mimi jasho lake linanimaliza mikono.” Akayazamisha mashati, akayaanika mbele kabisa, mbele hata ya shuka. Msimamizi akayatazama, akapanda ngazi.

Dobi akajitwika beseni. “Chumba chako kimepakana na cha Bijou,” alimnong’oneza Emery. “Msimamizi akikuuliza, mwambie unamsikia bwana akikoroma.” Akatoka langoni, taratibu, bila kugeuka. Emery alibaki uani, akisikia viatu vya msimamizi vikishuka tena.