Ukingo wa Uma Haumdanganyi Mama Notburga

Mashuka hayaishi. Saa kumi na mbili asubuhi Roswitha Unterweger ameshasimama mbele ya mashine ya kupigia pasi, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya ziwani, Carinthia, kusini mwa Austria. Analiingiza shuka, mvuke unampiga usoni, analikunja, anavuta jingine.

"Vidole hivi nikifika navyo nyumbani, ni kama si vyangu," anasema.

Ana miaka hamsini na saba, na nusu ya hiyo imeishia hapa. Akitoka saa tisa alasiri hapumziki. Nyumbani kuna mama yake, Notburga, mwenye miaka themanini na tisa, ambaye tangu baridi ianze amegoma kula. Supu hataki, nyama hataki. Uzito umeshuka hadi kilo arobaini na moja.

"Nimechoka," Roswitha anasema, wala hatafuti huruma. "Namwogesha, nampikia, anafunga mdomo. Kuna siku nilikaa kwenye ngazi nikalia, halafu nikaenda kuosha vyombo."

Bibi huyo anataja chakula kimoja tu: kasnudel. Ni kifuko cha unga kilichojazwa jibini laini, viazi na mnanaa, kikachemshwa na kumwagiwa siagi ya moto. Ukingo wake husukwa kwa kidole gumba, mkunjo juu ya mkunjo. Roswitha hakuwahi kujifunza. Mama yake alipokuwa akisuka, yeye alikuwa kazini.

Mwezi uliopita alijaribu peke yake, akabana kingo kwa uma. Mimi mwenyewe ninayeandika haya, kwa miaka niliyokaa katika bonde hili, nanuna nikiona ukingo wa uma. Notburga aliitazama sahani, akaisukuma.

"Za dukani hizi. Ondoa."

"Nimezitengeneza mimi, Mama!"

"Basi umejifunzia dukani."

Ndiyo maana Jumatano hii alasiri Roswitha yuko jikoni kwa jirani yake Hemma, pamoja na Gerlinde, mwenzake wa chumba cha kufulia. Unga umetapakaa hadi kwenye viti. Roswitha anabana, anakunja, anabana. Anakitia kifuko kwenye maji yanayochemka. Kinaachia, na jibini linaelea juu.

"Supu tayari!" anasema Gerlinde. "Zamani mama mkwe alikuwa anakagua ukingo kwanza, msichana baadaye. Ndiyo maana mume wako alikukimbia."

"Wewe unajua kusuka, na wako bado yupo. Pole sana, shoga."

Wanacheka mpaka Hemma anashikilia meza. Kisha kicheko kinakatika, kwa kuwa Roswitha amekaa chini, mikono magotini.

"Kidole gumba hakina hisia," anasema. "Sijui nimebana au sijabana. Acheni tu, nitamnunulia."

"Hununui kitu," Hemma anamkatiza. "Mashuka unayakunja miaka yote hiyo kwa vidole hivyohivyo, au siyo? Tumia macho. Kila mkunjo ufunike mkia wa mwenzake. Haya, simama."

Anasimama. Katika sufuria inayofuata hakiachii hata kimoja, ingawa vyote vimepinda.

Jioni, nyumbani, Notburga hagusi uma. Anaokota kasnudel moja kwa mkono, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Nani kasuka hii?"

"Mimi."

"Umesuka kama mlevi."

Anauma. Anatafuna kwa muda mrefu. Roswitha amesimama na kikaango cha siagi mkononi, anaogopa hata kukiweka chini. Bibi anachukua ya pili.

Jumatano ijayo wamepanga kumpeleka kwa Hemma, akae kwenye kona ya meza awakosoe wote watatu. Mwenyewe hajakubali; ameuliza tu kama mnanaa wa Hemma ni wa bustanini.

"Nyingine ziko kwenye friza. Hemma atapita mchana amchemshie," Roswitha anasema akivua aproni. Kesho ana zamu. "Nitakuwa kule kwenye mashuka, na nitajua mama yangu anakula."