Bomba la Mheshimiwa Tindo

Nianze na ujinga wenyewe, kwa sababu nikianza na harufu ya udongo uliolowa pale gatini mtadhani nilikuwa mtoto mzuri. Nilisimulia episodi nzima ya tamthilia ambayo sikuiona. Si kwamba niliiona vibaya au nilisinzia katikati. Sikuiona hata kidogo. Nilipanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele ya foleni nzima ya akina mama wa kitongoji chetu, nikatunga mwanzo, nikatunga katikati, nikatunga na mwisho, na pale penye hatari nikapiga muziki wa kutisha kwa mdomo. Nilikuwa darasa la sita, meno yamejipanga kama abiria waliogombania siti, na nilikuwa na ugonjwa ambao bado ninao: nikiona watu wananisikiliza, siwezi kunyamaza.

Sasa harufu. Mkata ikiwa kiangazi inanuka vumbi, mihogo ya kukaanga na moshi wa mabasi yanayosimama dakika mbili barabarani kama yanayokimbia polisi. Lakini ukiiacha lami na kushuka kwetu, kwenye gati, kituo chetu cha kuchotea maji, ndipo unapokutana na ile harufu nyingine: udongo uliolowa mahali pamoja tu, katikati ya nchi nzima iliyokauka, pamoja na plastiki ya madumu yaliyochomwa na jua. Maji yalikuja yanapotaka. Kwa hiyo watu walipanga madumu tangu alfajiri, wakaenda kulima, wakarudi, na dumu likabaki linawashikia nafasi. Dumu lilikuwa na heshima kuliko mwenyewe. Ungeweza kumsukuma mtu ukasamehewa, lakini kusogeza dumu la mtu ilikuwa kesi. Mama yangu ndiye aliyefungua na kufunga koki, kwa ufunguo aliouchukua kila asubuhi kwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Amezaliwa Dindira, juu kule kwenye chai, ambako maji yanapita kando ya nyumba usiku na mchana bila kuulizwa, na watu wa Mkata walimtania kwamba ameteremshwa mlimani kuja kuwapimia wenzake kitu ambacho kwao kinaachwa kipite tu.

Tamthilia yenyewe iliitwa Kiti Kimoja. Tuliiangalia kwa Mama Zaina, jirani yetu mwenye televisheni na mdomo, na sijui kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa na sauti kubwa zaidi. Watoto chini, akina mama kwenye mkeka, wanaume dirishani kwa nje wakijifanya wanapita. Mheshimiwa Tindo alivaa miwani ya jua hata chumbani, na akisema tu "wananchi wangu", sisi tulijua kuna kitu kinaibwa. Tulimchukia kwa raha sana. Na ilikuwa hivi: taarifa ya habari ikiisha, tamthilia inaanza, na hakuna aliyebadilisha hata namna ya kukaa. Waziri wa kweli aliyekagua daraja la kweli na Mheshimiwa Tindo aliyekula daraja la uongo walipita kwenye kioo kile kile, wakasonywa na watu wale wale. Kesho yake gatini walizungumzwa pamoja, na mpaka leo nina hakika wapo waliochanganya nani alisema nini. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akisimama taarifa ya habari ikiisha, anasema ana sufuria motoni. Hakuwa na sufuria motoni. Alisema ubaya wa kutosha anauona bure kwenye foleni.

Basi, jioni ile ya episodi iliyongojwa wiki nzima, umeme ukakatika kitongoji kizima. Mama Zaina nusura alie. Mimi nikachomoka mbio hadi kwenye mgahawa wa kule barabarani, wenye jenereta, nikajipenyeza kati ya madereva na sahani za wali. Nikaona jina la tamthilia. Nikaona Mheshimiwa Tindo anashuka kwenye gari. Jenereta ikakohoa mara tatu, ikazima, na mwenye mgahawa akatangaza kwamba mafuta yameisha na anayetaka kuendelea kukaa gizani ale kitu. Nilichoona, kwa haki kabisa, ni mguu wa Mheshimiwa na mlango wa gari.

Asubuhi yake Mama Zaina akaniwahi hata sijasalimia. "Athumani, we si ulikimbilia barabarani? Tindo kafanyaje?" Foleni yote ikageuka. Ningesema "jenereta ilizima", ningerudi kuwa mtoto wa kawaida anayetumwa chumvi. Nikapanda juu ya ndoo. Nikaanza na ule mguu, na kutoka hapo nikatembea mwenyewe. Nikasema Mheshimiwa ana bustani ya nyanya, kijani kibichi, wakati jimbo zima limekauka. Nikasema amefukia bomba chini kwa chini, kutoka kwenye gati la wananchi mpaka kwenye nyanya zake. Na kwa kuwa mcheshi halisi lazima awape watu kitu wanachokijua, nikamvua miwani Mheshimiwa, nikamvika koti la kaki, nikamweka mswaki wa mti mdomoni, nikamtembeza mikono nyuma. Watu wakaanza kuangua kicheko kabla sijamaliza, kwa sababu mwenye koti la kaki na mswaki na mikono nyuma alikuwa amesimama pale pale, na dumu lake mkononi: Mzee Mhando, mwenyekiti wa kamati ya maji.

Hapa lazima mwelewe jambo moja. Mzee Mhando ni Mzigua, na mimi kwa mama ni Msambaa, kwa hiyo ni mtani wangu. Halafu kwa umri ni babu yangu, ambako kuna utani mwingine tena. Mtani hakasiriki. Mtani anaweza kukuambia umekufa na bado umesimama, nawe unacheka na kumuuliza kama amekuja na sanda. Nilikuwa na leseni mbili, na nilizitumia zote. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, mpaka akatoa mswaki mdomoni. "Mjukuu wangu," akasema, "huyo Mheshimiwa wako anatafuna mti gani? Maana huu wangu umeanza kuwasha." Foleni ikalala kwa kicheko. Niliteremka kwenye ndoo nikijiona mrefu.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, tunaambiwa, lakini hakuna anayekwambia hutumbuka baada ya siku ngapi. Mimi nilihesabu nne. Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili maji hayakuja, na mtu mmoja akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbona nyanya za Mzee Mhando ni kijani. Zilikuwa kijani kweli. Mkewe alizimwagilia maji aliyooshea vyombo na aliyofulia, kila mtu alikuwa akimwona na beseni lake, lakini sasa hakuna aliyekumbuka beseni. Siku ya tatu Mama Zaina akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nawaambieni, methali hiyo ina sumu kuliko koboko. Siku ya nne, narudi kutoka shule, nikakuta wanaume na majembe kwenye bustani ya Mzee Mhando. Walikuwa wanatafuta bomba. Walichimba mtaro kutoka kwenye kona ya gati, wakaupitisha katikati ya matuta, nyanya zimeng'olewa na kutupwa kando, nyingine bado mbichi zimekanyagwa. Mzee amesimama mlangoni kwake na koti lake. Aliponiona akajaribu kutabasamu. "Mtani," akasema, "waambie basi wachimbe na shimo la choo, ili kazi isipotee bure." Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikuweza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kichekesho kipite mbele yangu nikiache kiende.

Hawakupata kitu. Mngedhani mambo yaliishia hapo. Jioni habari ilikuwa kwamba Mzee amewahi kulihamisha bomba. Kukosekana kwa bomba ndiko kulikokuwa ushahidi wa jinsi alivyo mjanja! Nilimwambia Mama kila kitu wakati akipepeta mahindi, na ungo ukasimama hewani. Hakunipiga. Nilitamani anipige tumalize. Aliuliza kitu kimoja tu: "Uliona nini hasa?" Nikasema mguu. Akasema, "Basi utakwenda kuusema huo mguu mbele ya watu."

Mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi, watu wakakaa juu ya madawati yaliyotolewa nje na wengine juu ya madumu yao. Mama alinisukuma mbele kwa vidole viwili mgongoni. Nikasema: sikuangalia ile episodi. Jenereta ilizima. Bomba nilitunga, nyanya nilitunga, koti nilitunga ili mcheke. Kukawa kimya, na nikaanza kupumua, nikidhani kimya ni msamaha. Halafu Mama Zaina akainuka taratibu, amejifunga kanga kiunoni. "Wameshamfundisha," akasema. Kelele zikalipuka. "Mzee, umempa nini mtoto? Soda au baiskeli?" Mwingine akakumbusha kwamba hata kwenye Kiti Kimoja shahidi aligeuka hivi hivi mahakamani, tena naye alikuwa kijana na alilia. Nami kweli nilikuwa nalia! Kila nilipoapa, nilizidi kufanana na yule shahidi. Mama akasimama, akasema mwanawe ni mwongo, anamjua tangu ananyonya. Wakampigia makofi: tazameni mama mkweli, mtoto wake kanunuliwa na bado hafichi. Hakukuwa na sentensi duniani ambayo ingetoka kwetu ikafika kwao ikiwa nzima.

Mzee Mhando ndiye aliyemaliza. Aliinuka, akaweka ufunguo wa koki juu ya meza ya mtendaji, akasema amechoka kufukuliwa akiwa bado hai. Mtendaji akauliza nani apendekezwe, na jina lililoitwa kutoka pande zote lilikuwa la mama yangu. Mikono ikainuka kama shamba la mahindi baada ya mvua. Mama alikataa mara mbili, na kila akikataa mikono ilizidi. Mwishowe Mzee mwenyewe akauchukua ufunguo, akampelekea. "Shika, mtani wangu," akamwambia. "Maji hayana kosa." Akaondoka, mikono nyuma, na watu wakampisha kwa upana, kama anayebeba kitu kinachomwagika.

Sasa niko kidato cha tatu, shule ya bweni Korogwe. Jumamosi tunafunguliwa televisheni bwaloni, na kuna tamthilia mpya ya siasa, ya kisasa, Mheshimiwa wa humo ana drone. Naipenda, sitawadanganya tena. Lakini siwezi kukaa. Wenzangu wananiita Kiwavi kwa jinsi ninavyojinyonganyonga kwenye benchi. Juzi baada ya tamthilia ilikuja taarifa ya habari, kiongozi mmoja mtu mzima akasimama mbele ya vipaza sauti, akasema tuhuma zile si za kweli, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo. Bwalo zima likapiga mayowe: "Script! Kafundishwa! Tunasubiri msimu wa pili!" Mimi ndiye mcheshi wa bweni, walinigeukia wakisubiri niongezee. Na huenda yule bwana ni mwizi kweli, sijui, akina Tindo wapo na wanakula kweli, si wa kutunga. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Zamani gatini nilikuwa najua jambo moja kwa uhakika, kwamba bomba halipo, na ujuzi huo haukumsaidia mtu. Siku hizi sijui hata hilo. Kila kitu kinapita kwenye kioo kimoja, cha kweli na cha tamthilia, na sisi tumekaa na sahani za maharage tukiwahukumu watu kwa namna wanavyolia. Nikasema naumwa tumbo, nikatoka nje. Wakacheka, walidhani ndio utani wenyewe.

Siku ile ya mkutano tulirudi nyumbani mimi na Mama. Baba alikuwa shambani Kwamsisi, hakukuwa na mtu wa kumkimbilia. Nilitegemea angalau atafurahi kidogo, kwa siri, maana alikuwa amechaguliwa kwa mikono yote na hakuna mtu wa Dindira aliyewahi kupewa cheo pale. Alifika, akavua viatu, akakaa kwenye kizingiti. Mimi, kwa ugonjwa wangu ule ule, nikamwita "Mheshimiwa Mwenyekiti". Alinyoosha kidole kwenye jembe lililoegemea ukutani. Halafu akasema:

"Mwenyekiti ni uongo wako, Athumani; mimi nimeshikishwa ufunguo tu. Chukua jembe, nenda kafukie ule mtaro, uzipande upya nyanya za watu. Na Mzee Mhando atakutania, maana hajui namna nyingine. Akikuchekea, usicheke."