Kistari Juu ya Mbili

Ukumbi wa kanisa pale Kikima, wanakofundishwa watoto wakati wa likizo, hausikii tena ile "mm" ya mwalimu wa hesabu. Mwalimu huyo hakuwahi kumwambia mtu amekosa. Alipitisha ukucha wa kidole cha mwisho kwenye jedwali la logi, taratibu, kama anayechagua mawe kwenye ndengu, kisha akaguna, nawe ukajua umekosa. Likizo hii watoto wa mtihani waliachiwa Musyimi, mwanafunzi wake wa zamani, mwenye digrii anayoitaja hata akiomba chumvi. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Akaandika ubaoni, kwa mwandiko wa kujivunia, kwamba logi ya 0.05 ni -2.6990.

"Mwalimu, kikokotoo kinasema -1.3010," Wavinya alisema kutoka dawati la mbele.

"Betri yake imechoka," Musyimi akajibu, akasingizia haja, akatoka nje kumpigia mwalimu wake wa zamani simu, akamsomea alichoandika.

"Mm," mwalimu aliguna, na Musyimi akawa na miaka kumi na sita tena. "Mwana wakwa, mwanangu, kwenye logi kistari cha kutoa kiko juu ya mbili peke yake; ile .6990 ni ya kujumlisha. Umechimba kisima mchangani mita mbili. Maji yamepanda sentimita sabini kutoka chini. Yako mbali kiasi gani na juu?"

"Mita moja na sentimita thelathini."

"Na wewe ukayafukia sentimita sabini zaidi, chini ya kisima chenyewe!"

Musyimi alirudi ndani, akafuta ubao kwa kiganja. "Wavinya," akasema, "betri iliyochoka ilikuwa yangu."

Mwalimu wa hesabu amestaafu; siku hizi anaishi Kalamba kwa dada yake, na anapalilia ndengu.