Nyumba Isiyo na Mlango

Kaka yangu ni seremala wa milango, na mtaani wanamwita Bawaba. Usicheke. Mlango uliofungwa na Bawaba haulii hata ukiubamiza kwa hasira, na wifi yangu, yaani mkewe, ameshaujaribu wa kwao mara nyingi.

Mimi nachapa karatasi za kufungia sabuni. Mwaka huo kiwanda kilianzisha shindano: ndani ya kila karatasi kuna kipande cha picha ya nyumba. Paa, ukuta, dirisha la kushoto, dirisha la kulia, ngazi, mlango. Ukivikamilisha vyote sita, unapewa nyumba ya kweli. Bwana wa mauzo, mpole kama daktari wa meno, alituambia, "Aliyekosa vyote hukata tamaa. Aliyebakiza kimoja haachi ng'o." Tukachapa vile vitano. Bamba la kuchapia mlango halikuletwa kamwe. Tukaambiwa tufunge midomo, na mimi nikafunga wangu, kazi ni kazi.

Miezi ikapita. Asubuhi nikienda kazini naziona nyumba hizo zimebandikwa kila mahali: kwa kinyozi, kwenye duka la dawa, hata kwa mwalimu mkuu. Zote zina pengo jeupe pale pale. Jua linawaka, na mimi nywele zinanisimama. Mtu ataingiaje humo? Na aliyemo atatokaje?

Kwa kaka ilikuwa balaa. Karakana ilijaa milango ya wateja iliyoachwa nusu, na nyuma yake sabuni zilizovuliwa karatasi zimepangwa hadi darini. Alifungua kila moja polepole, amefumba macho. "Dirisha tena! Aa, nimekosa padogo tu!" Halafu anacheka. Hicho ndicho kilichonitisha: kila alipokosa, alizidi kufurahi.

Siku wifi alipofunga mzigo na kuwavisha watoto viatu, uvumilivu ulinishinda. "Akiacha leo, nabaki," aliniambia. "Asipoacha, wifi yangu, mimi basi." Nikaenda karakanani kusimama mbele ya kaka, wifi na mzigo wake na watoto nyuma yangu, kazi na iende zake.

"Kaka, mlango haupo. Mimi ndiye ninayechapa. Haujachapwa hata mmoja."

Akanitazama mpaka nikaona aibu. "Unachapa wewe? Mdogo wangu wa damu?" Machozi yakamlengalenga, nikadhani nimemwokoa. "Na siku zote umenyamaza! Kumbe sisi ndio tuko karibu kuliko wote!"

"Haupo, kaka! Jamani, husikii?"

"Haujachapwa bado," akasema taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

"Sikusema bado!"

Nikamgeukia wifi anisaidie. Mzigo alikuwa ameshautua. Alishika sabuni moja, kucha yake imeingia chini ya karatasi.

"Wifi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huo mlango wenyewe una rangi gani?"

Kaka alinitazama, watoto walinitazama. Nilitaka kupiga kelele. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Kijani."