Bampa Lililopakwa Mafuta

Mama mkwe wangu alilipaka bampa la gari mafuta ya kujipaka siku ya Ijumaa, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, na mimi nilimwona nikanyamaza. Nakiri hilo mapema nisije nikaonekana najisafisha. Nilikuwa dirishani naosha vyombo, nikadhani ametumwa.

Huyu mama alikuwa dobi wa hospitali miaka thelathini na mmoja, upande wa pasi. Shuka za wodi zote zilipita mikononi mwake, na kila moja aliitandaza, akaipitishia kiganja akitafuta mkunjo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, ukimlaza juu ya mkunjo mmoja tu, kesho unamkuta na kidonda mgongoni. Hayo alinieleza mwenyewe wiki ya kwanza alipohamia kwetu, baada ya kuteleza bafuni kwake na kukaa sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipopita jioni. Hakuvunjika popote. Aliyeshtuka zaidi ni mwanawe, yaani mume wangu, ambaye alikwenda kumchukua siku hiyohiyo.

Mume wangu ni mwalimu wa hisabati, na ni mtoto mwema kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa sababu nimeuona wema wenyewe kwa macho yangu. Mama akishika ufagio, ananyang'anywa. Akiinamia beseni la nguo, anaambiwa apumzike. Akiomba kisu amenye vitunguu, anavutiwa kiti mbele ya televisheni. Miezi mitano alikaa hivyo, kavaa vizuri, mikono mapajani, ananitazama ninavyohangaika na nyumba. Nilimwambia mume wangu kwamba mama hana raha. Akasema amechoka tu, maskini, kafanya kazi sana maishani. Kuna wanaume ukiwaeleza jambo wanakujibu lao.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, ana mtoto mchanga, na kila akipiga simu alimsihi mama ahamie kwake. Mama alikuwa akimjibu kwamba ataangalia. Alikuwa bado anaangalia mpaka lilipokuja hili la bampa.

Bampa lenyewe mume wangu alilikwaruza kwenye nguzo ya geti la shule, mbele ya wanafunzi wake, na nadhani hilo la mbele ya wanafunzi ndilo lililomuuma zaidi. Shule zilipofungwa akatangaza kwamba hapeleki gari kwa fundi, kazi ataifanya mwenyewe nyumbani. Alitazama video kwenye simu siku mbili nzima. Akanunua karatasi za msasa za kila namba, akalala chini ya gari, akafungua boliti na vibanio vya plastiki, akavunja viwili. Siku ya Alhamisi bampa lilikuwa uani juu ya viti viwili, limeoshwa kwa sabuni ya vyombo, naye yuko juu yake anasugua. Msasa mkali kwanza penye mikwaruzo, halafu laini kwingine kote. Nampa haki yake, alisugua kwa utaratibu, kona kwa kona, na kwenye matundu ya taa akaufunga msasa kidoleni. Ilipofika jioni mng'ao wote ulikuwa umekwisha, bampa limekuwa jeupejeupe na kavu. Mama alilizunguka mara mbili. Akaniambia, kwa huruma kabisa, kwamba limepauka.

Sasa, mwanamke aliyelea watoto akiona kitu kimepauka, mkono unakwenda wenyewe kwenye mafuta. Kesho yake mwalimu alipotoka kwenda kununua praima, ile rangi ya kutangulizia, mama alichukua kopo lake la mafuta mazito akalipaka bampa lote, nje na ndani, akalisugua kwa kitambaa mpaka likawaka.

Mume wangu aliporudi alisimama getini na mfuko wake mkononi. Mama alikuwa kando ya kazi yake, anatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu aje kwetu. Rangi haishiki juu ya mafuta. Hata mimi nilijua. Mume wangu hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mama," alisema, "nilishakwambia usifanye kitu. Kazi yako hapa ni kupumzika."

Mama alifunga kopo lake akaingia ndani. Baadaye kidogo nikamsikia anaongea na wifi kwa simu, anamwambia aje kesho, na asije na mizigo yake kwa kuwa kuna sanduku la kubeba.

Nilimfuata mume wangu uani nikamweleza, pamoja na mengine ya miezi mitano niliyokuwa nimeyaweka akiba. Nilikuwa na hasira naye na sikujali kama majirani wanasikia. Nilimwambia mama yake anaondoka, na haondoki kwa sababu ya mafuta. Anaondoka kwa sababu amechoka kuwa mgeni. Mume wangu akaingia jikoni. Alichemsha maji, akaliosha bampa kwa sabuni, kisha akalimwagia maji safi kulijaribu. Maji yakajikusanya vitonevitone, maana mafuta yalikuwa bado yapo. Akaliosha tena, na tena. Mara ya nne ndipo maji yalipotandaa na kuteremka sawasawa. Akasugua upya, akaziba mikwaruzo kwa puti laini ya plastiki, akangoja ikauke, akaisugua nayo, na kabla jua halijazama akapuliza praima ya kijivu. Alikula bila kuinua macho. Kisha alikwenda mlangoni kwa mama kuomba msamaha, na mama akamwambia huna kosa, mwanangu, nenda kalale. Aliyasema kwa upole wa mtu ambaye ameshafunga sanduku.

Jumamosi asubuhi mama alitoka amevaa gauni lake la safari, mkoba mkononi, akaketi kibarazani kumngoja binti yake. Mume wangu alikuwa anakagua kazi yake. Bampa lilikuwa kijivu safi toka kona hadi kona. Aliniita nione, nikasema limetoka vizuri, na nilimaanisha. Mama aliweka mkoba kitini, akasogea, akalipitishia kiganja polepole huku macho yakiwa ukutani.

"Hapa pana mkunjo," alisema.

Mume wangu akapapasa palepale, hakuhisi kitu. Nikapapasa na mimi, patupu. Akawasha tochi ya simu akailaza ubavuni mwa bampa ili mwanga upite juujuu, na hapo tukakiona kivuli chembamba, ukingo wa puti, urefu wa kidole. Rangi ya mwisho ingeuonyesha kwa kila mpita njia. Mume wangu alichukua penseli akauzungushia duara. Alipoinua kichwa mama alikuwa ameshapata wa pili, na wa tatu ulikuwa chini ya tundu la taa, mahali ambapo mimi nisingefikiria hata kupagusa. Yalifika maduara matano.

Honi ikalia nje. Wifi aliingia akiwa na haraka zake, akamwamkia mama, akatusalimu, akaenda moja kwa moja ndani akatoka na sanduku. Mama alijifuta vumbi la mikono. Alinishukuru kwa kumtunza, maneno mazuri tu, na kila moja lilinichoma. Mume wangu alikuwa amesimama na kipande cha msasa wa maji mkononi, ule unaosugua ukiwa umelowa, pembeni yake ndoo tupu. Niliogopa kwamba atamwambia tena apumzike, huko aendako.

"Mama," alisema, "niletee maji."

Wifi aliduwaa. Kwetu sisi mama ndiye anayetuma. Mtoto hata awe na mvi hamtumi mama yake maji, na huyu tangu nimjue hajawahi kumwomba mama yake hata kijiko. Aliinua ile ndoo tupu. "Ndoo hii hapa," akaendelea. "Ukirudi unionyeshe pa kusugua. Peke yangu siwezi, mama."

Mimi machozi yalishaanza, sitadanganya. Mama hakulia. Alichukua ndoo akaenda nayo bombani, akaijaza nusu kwa ajili ya kiuno chake, na wakati maji yanaingia nikampokea wifi sanduku. Mama alirudi, akaitua ndoo, akavua saa akanikabidhi, akakunja mikono ya gauni la safari mpaka juu ya viwiko. Kisha akamwambia mwanawe asogee, na kwamba msasa wenyewe anaushika vibaya.